Kutu, Dira na Kamba: Tunayosimuliwa Kuhusu Meli Zilizozama Miaka ya 1850

Kati ya meli nyingi zilizopotea baina ya 1852 na 1859, ziko tano ambazo majina yake hayajasahaulika: Birkenhead kule Afrika Kusini, Tayleur huko Ireland, Arctic karibu na Newfoundland (kisiwa cha Kanada ya leo), Central America nje ya pwani ya mashariki ya Marekani, na Royal Charter katika ufuko wa Wales. Ukizisikiliza hadithi zake utakutana na wahusika walewale: askari shujaa, sanduku la dhahabu, nahodha anayezama na chombo chake, bahari iliyochafuka. Ukirudi kwenye ushahidi wa walionusurika, unakuta pini iliyoshika kutu, dira iliyopotoka na mashua zisizotosha. Mambo hayo hayachorwi kwenye picha za ukutani, ndiyo maana wengi hawayajui.

Dhana: Askari wa Birkenhead walijipanga kama gwarideni wakingoja kufa

Usiku wa kuamkia 26 Februari 1852, Birkenhead, meli ya moshi ya jeshi la majini la Uingereza yenye bodi la chuma, ilipanda mwamba karibu na Danger Point, kusini-mashariki ya Cape Town. Ilikuwa imetoka Simon's Bay jioni yake, ikipeleka askari kwenye vita ambavyo Waingereza walikuwa wakipigana na Waxhosa. Ndani mlikuwa na watu kama 640, wengi wao vijana walioandikishwa jeshini muda si mrefu. Bahari ilikuwa shwari. Nahodha Robert Salmond alikuwa akiambaa na pwani ili kufupisha njia.

Picha inayojulikana sana, ya askari waliosimama safu kwa safu juu ya sitaha, ilichorwa miaka 40 baadaye na mtu ambaye hakuwepo. Kapteni Wright, afisa aliyenusurika, alieleza jambo tofauti. Askari 60 waliteremshwa kupiga pampu kwa zamu tatu. Wengine 60 walipewa kamba za kuteremshia mashua kubwa zilizowekwa juu ya magurudumu ya meli. Waliobaki walipelekwa shetri, yaani nyuma ya meli, ili kuipunguzia omo, sehemu ya mbele, uzito. Kwa hiyo walikuwa kazini, wanatoka jasho, wanapokea amri na kuzitekeleza. Utulivu ulikuwepo kweli, na Wright mwenyewe aliustaajabia, lakini ulikuwa utulivu wa watu wanaojaribu kuokoa chombo.

Sasa tuulize kilichowaua. Pigo la kwanza liliwazamisha watu zaidi ya 100 waliokuwa wamelala sitaha ya chini. Salmond akaamuru injini zirudi nyuma. Meli ikajigonga tena, na maji yakapenya chumba cha injini. Kuta za ndani zilizojengwa kuzuia maji yasitoke chumba kimoja kwenda kingine zilikuwa zimekatwa milango mipana pale manowari hiyo ilipogeuzwa kuwa meli ya kubebea askari, ili wapate nafasi zaidi. Na zile mashua kubwa ambazo zingechukua watu wengi hazikushuka: pini za mitambo ya kuziteremshia zilikuwa zimeganda kwa kutu, na kamba nyingine zilikatika. Mashua tatu tu ndizo zilizogusa maji. Haikupita nusu saa, meli ikawa vipande.

Ni kweli kwamba wanawake na watoto waliokuwemo, jumla yao kama 20, waliokoka wote. Ni kweli pia kwamba Salmond alipopaza sauti kuwa wanaojua kuogelea waruke wakaziendee mashua, Luteni Kanali Alexander Seton, mkuu wa askari waliokuwemo, aliona kuwa wakifanya hivyo wataizamisha mashua ya wanawake, akawasihi wasitoke. Wengi hawakutoka. Huo ni ushujaa, na sioni sababu ya kuupunguza. Ila sifa zile zimekuwa shuka la kufunikia maswali. Mfalme wa Prussia, dola ya Wajerumani, aliamuru habari hiyo isomwe mbele ya vikosi vyake vyote; sijui kama kuna mfalme aliyeamuru isomwe habari ya pini zilizoota kutu. Mahakama ya kijeshi ilikaa Portsmouth mwezi Mei mwaka huohuo na kuwaachia huru mabaharia walionusurika. Waliopaswa kujibu, Salmond na maafisa wake wakuu, walikuwa wameshakufa. Kati ya wale 640, waliopona ni 193.

Dhana: "Wanawake na watoto kwanza" ilikuwa sheria ya bahari

Haikuwa sheria popote, na hata kuiita desturi ni kuipamba. Miaka miwili baada ya Birkenhead, tarehe 27 Septemba 1854, Arctic ya kampuni ya Collins ilikuwa ikikata ukungu kwa kasi kamili ikielekea New York. Kampuni ile ilikuwa ikishindana na Cunard ya Uingereza kwa siku na saa, na kupunguza mwendo kwa sababu ya ukungu kulihesabiwa kuwa hasara. Ikagongana na Vesta, meli ndogo ya chuma ya Wafaransa. Kwa kuitazama tu, kila mtu alidhani Vesta ndiyo inayozama, hata Nahodha James Luce akatuma mashua ikaisaidie. Kumbe Vesta ilikuwa na kuta za ndani zisizopitisha maji, zikiwa nzima, ikajikongoja hadi bandari ya St. John's, Newfoundland. Arctic, kubwa, ya mbao na ya fahari, ndiyo iliyokwenda chini.

Ilikuwa na watu wapatao 400 na mashua sita zenye nafasi ya watu kama 180. Mabaharia na wachochea makaa wakawa wa kwanza kuingia. Waliopona hawakufika 90, na wote ni wanaume. Hakuna mwanamke hata mmoja wala mtoto hata mmoja. Mke wa mwenye kampuni, Edward Collins, alikuwemo pamoja na watoto wao wawili, na pesa za mume hazikuwafaa kitu. Serikali ya Marekani haikufanya uchunguzi rasmi, wala hakuna aliyeshtakiwa.

Hapohapo tumalize na nahodha anayezama na meli yake. Luce alikusudia hivyo. Alibaki sitahani na mwanawe mdogo, akazama, kisha maji yakamrudisha juu. Kipande cha meli kilichochomoka chini kwa nguvu kilimuua mtoto mbele ya macho yake. Yeye alielea juu ya kipande hichohicho kwa siku mbili akaokolewa. Sheria haikumtaka afe, kama ambavyo haikumtaka William Lewis Herndon wa Central America afe miaka mitatu baadaye, ingawa Herndon alibaki na kuzama baada ya kuhakikisha wanawake na watoto wamehamishiwa brigi, meli ya matanga yenye milingoti miwili, iliyopita jirani.

Mwaka 2012 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Mikael Elinder na Oscar Erixson, walipitia ajali 18 kuanzia Birkenhead hadi 2011, zenye jumla ya watu kama 15,000. Wafanyakazi wa meli waliopona walikuwa asilimia 61, manahodha 44, abiria wanaume 37, wanawake 27, watoto 15. Dau la mnyonge haliendi joshi. Birkenhead na Titanic, hizo mbili tunazozitaja kila mara kama kielelezo, ndizo zilizokwenda kinyume na mkondo. Na sharti la kuwa na nafasi mashuani kwa kila aliyemo lilikubaliwa kimataifa 1914, miaka 60 baada ya Arctic, tena kwa sababu Titanic ilizama.

Dhana: Dhahabu iliwazamisha, na bado iko huko chini

Royal Charter ilitoka Melbourne ikiwa imejaa watu waliochuma dhahabu ya Australia. Usiku wa 25 Oktoba 1859, ikiwa imebakiza saa chache kufika Liverpool, ilinaswa na tufani kando ya kisiwa cha Anglesey. Nahodha Thomas Taylor alitia nanga. Minyororo ikakatika mmoja baada ya mwingine. Milingoti ikakatwa ili upepo upungukiwe na pa kushika. Asubuhi ya tarehe 26 ilibamizwa kwenye miamba ya kijiji cha Moelfre, hatua chache tu kutoka nchi kavu. Walikufa watu kama 450. Walipona kama 40, wote wanaume.

Inasemwa kwamba walizama kwa sababu walikataa kuacha dhahabu waliyojifunga viunoni. Bila shaka wako waliokuwa nayo. Lakini miili iliyookotwa ilionyesha kitu kingine: wengi waliuawa kwa kupigizwa kwenye majabali. Mtu asiye na hata senti mfukoni asingeogelea katika maji yale. Waliotoka, baadhi yao walitoka kwa sababu Mmalta mmoja, Joseph Rogers, ambaye kwao aliitwa Guże Ruggier, alijitosa na kamba akaifikisha pwani, na wanaume 28 wa kijiji wakasimama ndani ya mawimbi wakishikana mikono kuwavuta watu. Magazeti baadaye yaliwatuhumu wanakijiji kwa wizi. Sehemu kubwa ya dhahabu iliyoandikwa kwenye hesabu za meli ilitolewa majini na wazamiaji muda mfupi baada ya ajali.

Birkenhead nayo inadaiwa kubeba tani tatu za dhahabu za mishahara ya askari. Watu wamezamia pale tangu miaka hiyohiyo ya 1850 na kupata sarafu za kuhesabika. Pamoja na hayo, 1989 serikali za Uingereza na Afrika Kusini ziliandikiana makubaliano ya namna ya kugawana hazina hiyo, wakiipata.

Central America ndiyo iliyobeba dhahabu nyingi kweli, kutoka California, na ilizama katika kimbunga tarehe 12 Septemba 1857 na watu 425. Mabaki yake yaligunduliwa 1988 kwenye kina cha zaidi ya mita 2,000. Dhana hapa ni kwamba kuzama kwake ndiko kulikozusha mgogoro wa mabenki ya Marekani mwaka ule. Tarehe zinakataa: kampuni ya fedha ya Ohio Life Insurance and Trust, ambayo anguko lake ndilo lililoanzisha hofu, ilianguka 24 Agosti, wakati meli bado haijapata dhoruba. Benki za New York zilikuwa zikiingoja dhahabu ile kwa hamu, na kuikosa kuliongeza hofu. Moto ulikuwa umeshawaka.

Dhana: Meli za chuma zilikuwa salama kuliko za mbao

Kwa uimara wa bodi, huenda. Ila chuma kilileta adui mpya ndani ya chombo. Tayleur, merikebu mpya ya chuma, iliondoka Liverpool Januari 1854 kwenda Australia, na siku mbili baadaye, tarehe 21, ikagonga kisiwa cha Lambay, upande wa pili wa bahari nyembamba ya Ireland. Waliamini wanakwenda kusini. Walikuwa wakienda magharibi, kwa sababu sumaku ya bodi iliivuta dira. Ongeza usukani mdogo kuliko ukubwa wa meli, na kamba mpya ambazo zilikuwa hazijanyooka wala kulainika, hata matanga hayakushughulikika upesi. Walikufa zaidi ya 300. Wanawake walizidi 100, walipona watatu. Wachunguzi wa vifo waliwalaumu wenye meli kwa dira. Serikali ikamlaumu nahodha kwa kutotupa bildi, kamba yenye timazi, kupima kina. Naona wote walisema kweli, maana bildi haidanganywi na sumaku.

William Scoresby, nahodha wa zamani aliyegeuka kuwa kasisi na mwanasayansi, alikuwa akionya kwamba sumaku ya meli ya chuma hubadilika ikiwa safarini, hivyo dira iliyorekebishwa bandarini haiaminiki ng'ambo. Mwaka 1856 alisafiri mwenyewe hadi Australia kuthibitisha, akipendekeza dira nyingine ipandishwe mlingotini, mbali na chuma. Meli aliyosafiri nayo ni Royal Charter.

Dhana: Wanavijiji waliwasha taa za uongo ili kuvuta meli miambani

Hili tulipitie haraka. Kuokota mali iliyosukumwa pwani kulikuwepo, tena sana. Lakini hakuna kesi ya kuaminika nchini Uingereza iliyothibitisha mtu kuangusha meli kwa taa ya hila. Baharia akiona taa usiku anajua kuna nchi kavu, naye hukwepa.

Dhana: Tufani haikuweza kujulikana mapema

Tufani ya Royal Charter iliangusha meli 133 na kuua watu kama 800 kuzunguka Uingereza. Robert FitzRoy, aliyekuwa akiongoza idara ndogo ya hali ya hewa iliyoundwa 1854, alikusanya vipimo vya baromita, chombo cha kupimia kanieneo ya hewa, vya siku zile na kuonyesha jinsi dhoruba ilivyotembea kutoka pwani moja hadi nyingine. Waya wa telegrafu ulikuwa na mbio kuliko upepo. Kilichokosekana ni mtu wa kutuma habari. Februari 1861 onyo la kwanza lilitumwa bandarini, zikapandishwa alama juu ya milingoti ili mabaharia wazione. FitzRoy alifariki 1865. Mwaka uliofuata maonyo yakasimamishwa kwa madai kwamba hayana msingi wa kisayansi. Mabaharia wakalalamika, yakarudishwa 1867.

Kwetu ipo dhana yake ndugu, kwamba vimbunga havifiki karibu na Ikweta. Unguja iko nyuzi sita tu kusini, na Aprili 1872 kimbunga kiliipiga, kikaziharibu meli za Sultani Barghash zilizokuwa zimetia nanga na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa. Pemba ilisalimika, na tangu hapo ikaipita Unguja kwa karafuu. Telegrafu ilifika Zanzibar 1879.