Shule ya Mto Hudson ni nini?

Shule ya Mto Hudson ni kundi la wachoraji wa mandhari wa Marekani waliovuma kati ya miaka ya 1825 na 1875 hivi. Hawakuwa na chuo wala darasa. Walijuana tu, wengi wakiishi New York, na kazi zao zinafanana: milima, misitu na maji hujaa turubai nzima, binadamu akawa mdogo hata umtafute.

Anayehesabiwa mwanzilishi ni Thomas Cole, naye hata hakuzaliwa Marekani. Alizaliwa mwaka 1801 Bolton, Uingereza, kwenye viwanda vya nguo, akahamia Marekani na familia yake mwaka 1818. Mwaka 1825 alisafiri kuupanda Mto Hudson hadi milima ya Catskill, jimbo la New York; picha zilizotokana na safari hiyo ndizo zilizomtoa.

Mchoro wa kuanza kuutazama ni The Oxbow wa Cole, wa mwaka 1836, uliopo Metropolitan Museum, New York. Unatazama bonde kutoka Mlima Holyoke, Massachusetts. Kushoto ni pori tupu: mti umevunjika na wingu zito la mvua linaondoka. Kulia jua limeshatoka, Mto Connecticut unajipinda katikati ya mashamba yaliyokatwa vipande vipande. Chini kabisa, kati ya miamba, kaketi Cole mwenyewe na kofia yake, anachora, kageuka kututazama. Wengi humpita bila kumwona. Pori au shamba? Mchoro hausemi, ila mwaka huohuo Cole aliandika kulalamikia shoka linavyomaliza misitu.

Usizichukue picha hizi kama ushahidi wa nchi ilivyokuwa. Kiangazi wachoraji hawa walizunguka na daftari wakichora kwa penseli. Baridi ikiingia walirudi studio, wakachukua mlima wa huku na mti wa kule, wakaunda mandhari. Frederic Church, mwanafunzi wa Cole, ndiye aliyepindukia. Baada ya safari za Amerika Kusini mwaka 1853 na 1857, alichora The Heart of the Andes, turubai yenye upana wa mita 3 hivi. Mwaka 1859 watu wa New York walilipa senti 25 kuingia kuiona, wengine wakija na darubini ndogo wapate kukagua jani mojamoja. Mahali penyewe hapapo popote duniani.

Jina la kundi lilikuja miaka ya 1870, tena kwa kejeli: wakosoaji walishaanza kupenda michoro ya Wafaransa, wakawaona hawa kuwa wamepitwa na wakati. Cole hakulisikia. Alifariki mwaka 1848.