Cheri Chachu, Gauti na Usingizi: Tafiti Zinasema Nini Hasa

Sisi maafisa lishe tunaohudumia wagonjwa wa gauti, ugonjwa wa maumivu makali ya viungo, tumezoea kuulizwa kuhusu nyama choma na bia. Siku hizi limeongezeka swali jingine: "Daktari, hii juisi ya cheri inatibu kweli?" (Hospitalini kila aliyevaa koti jeupe ni daktari.) Muulizaji ameona video kwenye simu, au ana ndugu Marekani aliyemletea chupa. Haitibu. Huenda ikawasaidia baadhi ya watu, mradi wasiache dawa.

Tuelewane kwanza ni tunda gani. Si ile cheri ya kwenye keki, ambayo huondolewa rangi yake ya asili, ikatiwa nyingine na kulowekwa kwenye sukari. Cheri chachu ni tunda dogo, laini, lenye ukali wa kukunja uso. Aina inayotumika sana kwenye tafiti ni Montmorency, na jimbo la Michigan ndilo linaloongoza Marekani kwa kilimo chake. Mwezi Julai mashine hukumbatia shina la mti na kulitikisa kwa sekunde chache tu, matunda yote yakamwagika kwenye turubai, kisha yakapelekwa kwenye maji baridi. Huharibika haraka, kwa hiyo mengi hugandishwa, hukaushwa au hukamuliwa. Mti wenyewe hauchanui vizuri bila majira marefu ya baridi, ndiyo maana huku kwetu tunakutana na juisi yake dukani tu, tena kwa bei inayouma.

Wekundu wake unatokana na anthosianini, yaani kemikali za rangi za mmea, ambazo maabara zimeonyesha kwamba hupunguza baadhi ya vichochezi vya uvimbe mwilini. Hapo ndipo gauti inapoingia. Asidi ya yuriki, moja ya taka za mwili, ikizidi kwenye damu hujenga fuwele zenye ncha kama sindano ndani ya kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu. Kidole huvimba, huwaka moto, na usiku mgonjwa hataki hata shuka limguse.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 633 wa gauti kwa mwaka mzima. Ndani ya siku mbili za kula cheri, hatari ya kupata shambulio ilikuwa chini kwa asilimia 35 kuliko walipokuwa hawajala. Kwa waliokula cheri huku wakimeza alopurinoli, dawa ya kushusha asidi ya yuriki, ilikuwa chini kwa asilimia 75. Takwimu hiyo ya pili ningependa ibandikwe ukutani, maana wanaouza juisi hawaitaji. Hata hivyo, utafiti ule ulitegemea maelezo ya wagonjwa wenyewe. Hakuna aliyepangiwa ale nini.

Kule New Zealand walifanya jaribio lenyewe. Wagonjwa 50 waligawanywa kwa bahati nasibu, wakapewa vipimo mbalimbali vya juisi nzito ya cheri chachu kwa siku 28, wengine hawakupewa kabisa. Asidi ya yuriki kwenye damu haikushuka. Kwa maoni yangu, kama cheri inasaidia, inatuliza uvimbe tu, huku asidi ikibaki palepale na kuendelea kuharibu viungo kimyakimya. Kazi ya kuishusha ni ya dawa. Mwaka 2005 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliziandikia barua za onyo kampuni 29 za bidhaa za cheri kwa sababu zilikuwa zikizinadi kama tiba.

Kuhusu usingizi, cheri chachu ina melatonini, homoni ileile inayouambia mwili kwamba usiku umeingia, ila kwa kiasi kidogo sana. Nchini Uingereza, watu 20 wenye afya waliokunywa mililita 30 za juisi nzito iliyozimuliwa kwa maji, mara mbili kwa siku kwa wiki moja, walilala kama nusu saa zaidi. Huko Louisiana wazee wenye tatizo la kukosa usingizi waliongeza dakika 84. Inavutia, lakini walikuwa watu 8 tu! Mimi ningeanza na kuzima simu.

Ukiamua kuinunua, geuza chupa usome nyuma. Mara nyingi jina la cheri limeandikwa kwa herufi kubwa mbele, kumbe ndani kumejaa juisi ya tufaha na sukari. Hata ile halisi, glasi ya mililita 240 ina sukari yake ya asili inayozidi vijiko vitano vya chai, na sukari ya matunda ikizidi hupandisha asidi ya yuriki ileile unayoikimbia. Tunda lililogandishwa, au lililokaushwa bila kuongezwa sukari, lina nafuu kwa kuwa unapata na nyuzinyuzi. Usile mengi kwa mkupuo, tumbo litakuendesha. Mwenye kisukari aihesabu juisi kwenye mlo wake wa siku. Mwenye figo zilizodhoofika amuulize daktari wake kabla ya kufungua chupa, kwa sababu juisi hiyo ina potasiamu, na figo mbovu hushindwa kuitoa.