Kaugusa mpira kwanza, mbona refa kapuliza faulo?

Beki anaserereka, ncha ya kiatu inaugusa mpira, mpira unatoka nje. Papo hapo mshambuliaji yuko chini kashika kifundo cha mguu na kipyenga kimeshalia. Beki anachora duara hewani kwa mikono miwili: nimecheza mpira! Jukwaa zima linamuunga mkono. Je, wajua kwamba utetezi huo haumo kwenye sheria?

Zamani ulikuwa na mahali pa kushika. Sheria ya 12 ya soka, ile ya faulo na utovu wa nidhamu, ilitaja kosa la kumgusa mpinzani kabla ya kuugusa mpira. Kifungu hicho kilishaondolewa, ila hakijatoka midomoni mwa wachezaji, watangazaji na vibanda umiza.

Siku hizi refa anapima namna mchezaji alivyoingia. Akiingia kwa uzembe, yaani bila uangalifu, ni faulo tu, hakuna kadi. Akiingia bila kujali hatari anayomletea mwenzake, ni njano. Akitumia nguvu kupita kiasi au kuhatarisha usalama wa mpinzani, ni nyekundu, hata kama mpira aliupata. Neno "makusudi" halimo katika vipimo hivyo, kwa hiyo "sikukusudia" nayo haisaidii. Tena kujaribu kupiga teke au ngwala ni kosa hata mguu ukipita hewani.

Turudi kwa beki wetu. Mguu wa mbele umeucheza mpira vizuri, shida ni ule wa nyuma. Kama ameukunja chini ya paja, mpinzani anaruka na mchezo unaendelea. Akiuacha umenyooka, unafyeka kifundo kama panga, na hapo ndipo faulo ilipo. Refa anatazama pia meno ya kiatu yanaelekea wapi, goti limenyooka au limekunjwa, miguu yote miwili imeacha ardhi au la, kaanza kuserereka kutoka umbali gani, na kaugusa mwili wapi. Meno ya kiatu kwenye ugoko, mguu umenyooka, kasi kubwa: vitu hivyo vitatu vikikutana, refa huwa hafikirii sana.

Pembe ya kutazamia ndiyo inayowaponza waamuzi wengi. Fainali ya Kombe la Dunia 2010, Johannesburg, dakika ya 28: Nigel de Jong wa Uholanzi alimpiga Xabi Alonso wa Hispania kifuani kwa meno ya kiatu. Refa Howard Webb alitoa njano. Baadaye alikiri ilistahili nyekundu, lakini hakuwa ameliona tukio vizuri kutoka pale aliposimama.

VAR, yaani refa msaidizi wa video, imepunguza tatizo hilo na kuleta lingine. Picha ya polepole hufanya kila mguso uonekane wa kikatili, ndiyo maana utaratibu unataka ukali wa tukio upimwe kwa kasi ya kawaida. Ya polepole ni ya kujua mguso umetokea wapi.

Bega kwa bega ni halali, mkono ukiwa karibu na mwili na nguvu ikiwa ya kiasi. Kiwiko kikitoka, habari nyingine. Mguu ulioinuliwa karibu na uso wa mtu bila kumgusa ni mchezo wa hatari: mpira wa adhabu usio wa moja kwa moja, yaani bao halikubaliki mpaka mchezaji mwingine auguse mpira. Ukimgusa tu, unakuwa wa moja kwa moja, na ndani ya boksi la beki huyo ni penalti.

Kwenye penalti kuna jambo huwachanganya wengi. Tangu 2016, beki aliyemnyima mtu nafasi ya wazi ya bao ndani ya boksi, huku kweli akijaribu kuucheza mpira, hupewa njano badala ya nyekundu. Akimvuta jezi au kumsukuma, nyekundu iko palepale. Kwa hiyo ile "nimecheza mpira" ina nafasi yake moja: haifuti penalti, ila inaweza kumbakiza beki uwanjani.