Kwa nini topazi hukua ndani ya matundu ya mwamba wa volkeno?

Ukipasua riolaiti (mwamba wa volkeno wenye silika nyingi) ya milima ya Thomas Range, katika jimbo la Utah nchini Marekani, huenda ukakuta tundu dogo lenye fuwele ya topazi, aina ya kito, ya rangi ya kaharabu (rangi ambayo, kwa bahati mbaya, hufifia ikikaa juani). Mwamba huo ni lava iliyotoka ardhini miaka ipatayo milioni 6 hadi 7 iliyopita. Topazi iliingiaje humo?

Chanzo ni elementi iitwayo florini. Magma, yaani uji wa mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi, inapopanda, shinikizo hupungua na gesi zilizoyeyuka ndani yake huanza kutoroka: mvuke wa maji, kaboni dioksidi, klorini. Florini haina haraka. Hupenda kubaki kwenye uji wa mawe kuliko kufuata mvuke. Madini ya kwatzi na feldspa yanayoganda mapema hayaipokei. Madini ya mika na apatiti huipokea kiasi, kwa kuwa ioni yake (chembe yake yenye chaji) inakaribiana kwa ukubwa na haidroksili, yaani jozi ya oksijeni na hidrojeni iliyomo ndani ya madini hayo, na huweza kukaa mahali pake. Kwa hiyo kadiri uji unavyopungua, florini huzidi kukolea. Riolaiti zenye topazi huwa na zaidi ya asilimia 0.2 ya florini. Kiasi hicho ni kidogo kwa macho, lakini huifanya lava nzito itiririke kwa wepesi zaidi na kuchelewa kuganda.

Lava ikishatulia na kupoa, hatimaye gesi moto yenye florini hutoka na kujaa kwenye matundu na nyufa, ikiwa imebeba silika na alumini. Humo topazi hukua bila kubanwa na chochote, ndiyo maana nyuso zake ni bapa na kingo zake kali. Hadi moja ya tano ya uzito wake yaweza kuwa florini.

Mbona isiwe floraiti, madini ya florini yanayojulikana zaidi? Hapa ndipo penye utamu. Floraiti huhitaji kalsiamu, na riolaiti hizi zina kalsiamu haba mno, hivyo florini hushikana na alumini. Jirani, huko Spor Mountain, mambo yalikuwa tofauti: maji moto yenye florini na beriliamu (metali nyepesi) yalipenya majivu ya volkeno yaliyochanganyika na vipande vya dolomaiti, mwamba wenye kalsiamu tele. Florini ikaidaka kalsiamu, floraiti ikachukua nafasi ya dolomaiti. Beriliamu, iliyokuwa ikisafiri imefungamana na florini, ikakosa mbebaji, ikaganda papo hapo kama bertrandaiti, madini yenye beriliamu. Bertrandaiti hiyo inachimbwa hadi leo, na ni chanzo kikuu cha beriliamu duniani.