Safari ya Sokoni Dar es Salaam: Dhana Potofu na Ukweli Unaoonekana Jikoni

Nyumbani kwetu Tabata kuna daftari ambalo kwa miaka 11 nimekuwa nikiandika kila safari ya sokoni. Upande wa kushoto naandika nilichonunua na bei yake, na upande wa kulia naandika nilichotupa kabla hakijaliwa. Upande huo wa kulia ndio ulionifundisha zaidi, kwa sababu mambo mengi niliyoyarithi kuhusu manunuzi ya chakula yalikuwa sahihi mpaka mlangoni mwa soko, kisha yakageuka kuwa hasara nilipofika jikoni. Siku hizi nahesabu bei ya nyanya kwa zile zilizoingia chunguni na siyo zile zilizoingia kikapuni, na kwa kipimo hicho nazipitia hapa dhana ninazozisikia mara kwa mara kwa majirani na ndugu.

"Kununua kwa jumla ni nafuu siku zote"

Hii ndiyo dhana yenye nguvu kuliko zote, na ina ukweli ndani yake, ndiyo maana hudumu. Bei ya kilo moja hushuka unapochukua gunia. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaishia kwenye hesabu hiyo moja. Tuseme gunia la unga la kilo 50 linanipunguzia shilingi 200 kwa kila kilo, yaani nimeokoa shilingi 10,000. Nikilipa shilingi 6,000 kwa guta na bajaji mpaka nyumbani, halafu kilo mbili zikaharibika, na kila kilo ilikuwa ya shilingi 2,000, akiba yote imekwisha, na fedha ambazo zingelipa umeme zimelala stoo kwa miezi miwili.

Kitu cha kuuliza, basi, ni bidhaa gani inavumilia hali ya hewa ya Dar es Salaam, ambako joto ni kali na unyevu hautoki hewani hata wakati usio wa mvua. Sukari na chumvi huvumilia, mradi ziwe kwenye chombo chenye mfuniko unaobana. Mchele nao huvumilia, tena una faida ambayo wapishi wa pilau wanaijua: mchele uliokaa miezi kadhaa baada ya kuvunwa hunywa maji mengi na kuvimba, ilhali mchele mpya hunukia vizuri lakini hushikana, kwa hiyo kilo ya mchele uliokaa hujaza sahani nyingi zaidi. Maharage ni suala jingine. Yakikaa muda mrefu katika joto na unyevu, hayaozi wala hayaonyeshi dalili yoyote kwa macho, bali hukawia kuiva, na faida ya bei ya jumla unairudisha kwa muuza mkaa au kwenye mtungi wa gesi. Unga wa dona hauna subira kabisa, kwa sababu unasagwa pamoja na kiini cha hindi chenye mafuta, na mafuta hayo huchacha na kuupa unga harufu na uchungu. Sembe, iliyokobolewa kiini hicho, hukaa muda mrefu zaidi. Mimi hununua dona ya wiki mbili tu, na sijawahi kujuta kulipa bei ya rejareja.

Mahindi na karanga vinahitaji tahadhari kubwa kuliko hasara ya fedha. Vikihifadhiwa vikiwa na unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hao huzalisha sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kusaga. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Nasema haya kwa uzito kwa sababu bado naona karanga zilizobadilika rangi zikiuzwa kwa bei ya chini, na mnunuzi akijipa moyo kwamba moto utamaliza kila kitu. Moto haumalizi. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizogeuka rangi hazifai kuchanganywa na nzima, na hazifai kusagwa ziwe unga wa kuungia mboga.

"Kariakoo ndiko kila kitu kina bei ya chini"

Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua mwaka 2021, limejengeka katika fikra zetu kiasi kwamba mtu wa Mbagala au Tegeta hupanda daladala mbili kufuata vitunguu. Jiji hili, hata hivyo, lina masoko mengi, na kila moja lina bidhaa zinazoshukia hapo kwa wingi. Mabibo ni maarufu kwa ndizi na matunda, Tandale kwa nafaka na maharage, Shekilango kwa kuku, Feri kwa samaki, Ilala na Buguruni kwa mboga na matunda. Bidhaa huwa nafuu pale inaposhushwa kutoka kwenye lori, kwa sababu haijalipiwa safari ya pili.

Kwa familia inayonunua mboga za wiki moja, tofauti ya bei kati ya soko kubwa na soko la karibu mara nyingi humezwa na nauli, na nauli ya kurudi na mzigo si sawa na nauli ya kwenda mikono mitupu. Mimi huenda Ilala kila Jumamosi, Tandale mara moja kwa miezi miwili, na siku nyingine zote namtegemea muuza genge wa mtaani kwetu. Wapo wanaosema genge ni ghali. Ni ghali kwa kilo, lakini genge hukuuzia hoho moja na karoti mbili, na hoho moja inayopikwa yote ni nafuu kuliko kilo ambayo nusu yake inasinyaa.

"Fungu, sado na kilo ni mamoja, muhimu ni macho"

Macho hudanganyika kirahisi sana sokoni. Fungu hupangwa kwa ustadi, makubwa juu na madogo chini, na ukubwa wake hubadilika bei inapopanda ingawa fedha unayotoa ni ileile. Sado ni kipimo cha ujazo, ndoo ndogo ya takriban lita 4, na ndani yake kuna hewa kati ya nyanya na nyanya. Nyanya kubwa huacha nafasi kubwa, na sado iliyotengenezewa kilele juu ya mdomo wake hubeba zaidi ya ile iliyosawazishwa. Kwa hiyo sado mbili zenye bei moja kwa wauzaji wawili zinaweza kutofautiana sana uzito.

Dawa yake nimeiona kuwa nyepesi: kila wiki chache napima nyumbani kile nilichonunua kwa fungu au sado, kisha naandika uzito wake kwenye daftari. Baada ya miezi mitatu nilijua ni muuzaji gani anajaza kwa haki, na nikaacha kubishana na wengine. Kwa bidhaa za mizani, mizani ya biashara hupaswa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo, na mteja ana haki ya kuangalia kwamba mshale uko kwenye sifuri kabla bidhaa haijawekwa. Kuangalia hivyo si kumtuhumu mtu, na muuzaji mwaminifu hachukii.

"Orodha ni ya watu wasiojua kupika"

Shangazi yangu, aliyenilea, alishika mahitaji ya nyumba ya watu 9 kichwani, na kwa muda mrefu niliona aibu kuandika. Ila yeye alienda sokoni kila siku, kwa miguu, na kununua cha siku hiyo. Anayeenda mara moja kwa wiki anabeba mambo 30 kichwani huku akikwepa mikokoteni na kujibu simu. Kuna Jumamosi nilirudi na pakiti ya tatu ya majani ya chai wakati mbili zilikuwa kabatini, na chumvi niliyoifuata ikabaki sokoni, ikabidi mtoto atumwe dukani kwa Mangi.

Orodha yenye msaada huanzia jikoni. Ijumaa jioni nafungua kila kopo, natingisha kila chupa, kisha naandika kwanza kilichopo na milo itakayopikwa kwa hicho, halafu ndipo naandika kinachokosekana. Vitu navipanga kwa mfuatano wa meza za soko, ili nisirudi nyuma kati ya watu. Mwisho naacha nafasi mbili tupu kwa kitu ambacho sikukitarajia, kwa mfano maembe yanapoanza kujaa mwezi Novemba, kwa sababu orodha isiyo na nafasi huvunjwa, na ikishavunjwa mara moja haiheshimiwi tena. Jambo hilo la mwisho nimelijua baada ya kushindwa mara nyingi.

Kikapu nacho huingia kwenye orodha. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na anayenunua mfuko mbadala kila safari analipia kitu ambacho tayari kimejaa nyuma ya mlango wake. Kikapu cha ukili hupitisha hewa, hivyo mchicha haufiki umelowa jasho.

"Samaki wanunuliwe kwanza, kabla hawajaisha"

Hapa naomba msomaji atulie nami kidogo. Ni kweli kwamba Feri huchangamka alfajiri na samaki wazuri huondoka mapema. Lakini anayenunua vibua saa moja asubuhi, akawazungusha Kariakoo mpaka saa tano na kufika nyumbani saa sita, amewaweka kwenye joto la nyuzi 30 kwa saa tano. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na kinachoharibika haraka kiwekwe kwenye baridi mapema.

Vibua na jodari wana hatari yao ya pekee. Nyama yao ikikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza kemikali iitwayo histamini, na kemikali hiyo haiondolewi kwa kukaanga wala kuchemsha. Mlaji huwashwa, uso huwa mwekundu, kichwa humgonga, naye huamini kwamba ana mzio wa samaki. Nilimsikia jirani akiapa kutogusa tena vibua kwa maisha yake yote, na nilipomuuliza alivyowabeba, akanieleza kwamba walikuwa kwenye mfuko, chini ya kiti cha daladala, bila barafu.

Kwa hiyo safari ya Feri huwa safari ya peke yake: ndoo yenye mfuniko, barafu inayonunuliwa pale pale, kisha nyumbani moja kwa moja. Kama ni lazima kuunganisha safari, vitu vikavu hutangulia, mboga zikafuata, na nyama au samaki wakawa wa mwisho kabla ya kupanda gari.

"Ukiwa na friji, nunua tu, haitaharibika"

Friji hupunguza kasi ya kuharibika kwa baadhi ya vyakula, na huharibu vingine. Nyanya ambazo hazijaiva zikiwekwa kwenye baridi hupoteza ladha na haziivi sawasawa, na maganda ya ndizi huwa meusi. Vitunguu na viazi hutaka mahali pakavu, penye giza na hewa, tena pasiwe pamoja, kwa kuwa vikikaa pamoja viazi huchipua na vitunguu huoza upesi. Mchicha na matembele visioshwe kabla ya kuhifadhiwa, kwani maji yaliyobaki kwenye majani ndiyo yanayoviozesha, bali vifungwe kwenye kitambaa na kuoshwa siku ya kupika.

Hila iliyonisaidia kuliko friji ni kununua viwango tofauti vya kuiva. Nachagua nyanya nyekundu za Jumamosi na Jumapili, zenye wekundu hafifu za katikati ya wiki, na chache zenye ukijani kwa ajili ya Alhamisi, zote zikikaa kwenye ungo juu ya meza. Umeme ukikatika, hazina habari.

"Mnunuzi hodari hushusha bei mpaka mwisho"

Kupatana bei ni sehemu ya soko letu na siidharau. Lakini muuzaji aliyebanwa mpaka faida yake ikaisha ana njia nyingi za kuirudisha, na iliyo rahisi zaidi ni kukuokotea wewe yale aliyokuwa ameyatenga pembeni. Kwa muda sasa sipunguzi bei kwa wauzaji wangu wawili wa Ilala, naomba tu nichague mwenyewe, au aniongeze kidogo mwishoni.

Masika yaliyopita nilifika kwa mmoja wao nikitaka sado mbili za nyanya. Akanizuia mkono, akasema, "Mama, leo chukua moja tu. Hizi zimepigwa na mvua njiani, hazifiki Jumatano. Jumanne nashusha mzigo mwingine." Nikamshukuru, nikachukua moja, na Jumanne jioni, nikitoka kazini, nikashuka Ilala Boma na kuchukua ya pili. Wiki hiyo, upande wa kulia wa daftari, sikuandika kitu.