Siku 21, Jumatatu Mpya na Mengine Niliyochoka Kuyasikia Kuhusu Ukomo wa Hedhi

Mama mmoja wa miaka 52 aliingia chumbani kwangu, akakaa, akatoa daftari kwenye mkoba na kulifungua mezani kama mtu anayekiri kosa. Alikuwa amechora jedwali kwa rula: vyumba 21, kila kimoja na tarehe yake. Vinane vya mwanzo vilikuwa na alama ya vema kwa kalamu ya bluu. Cha tisa na cha kumi vitupu. Kuanzia hapo alikuwa amevuta mstari mmoja mrefu hadi mwisho wa ukurasa.

"Nimeshindwa, daktari. Nitaanza tena Jumatatu."

Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, ila hilo nimeshaacha kulirekebisha. Nisiloweza kuliacha ni hiyo Jumatatu. Nimeisikia kwa akina mama wengi kiasi kwamba mwingine akianza sentensi namalizia mimi. Tabia hujengeka kwa siku 21, ukikosa moja umeharibu, unafuta na kuanza upya. Wapo walioanza upya mara tano kwa mwaka, na kila Jumatatu mpya wanakuja na mpango mkali kuliko uliopita, kana kwamba ule wa kwanza ulishindikana kwa kuwa mwepesi mno.

Nikamuuliza huyu mama siku ya tisa kulitokea nini. Usiku wake joto lilimpanda mara nne. Alibadilisha gauni la kulalia mara mbili, akapata usingizi saa kumi alfajiri. Saa kumi na moja simu ikalia ili aende kukimbia dakika 40. Hakwenda. Hata mimi nisingekwenda.

Tuanze na hizo siku 21. Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura yao mpya kwenye kioo. Alikuwa anazungumzia pua. Neno "angalau" likadondoka njiani, pua nayo ikadondoka, ikabaki namba peke yake, na leo watu wanajihukumu nayo.

Aliyekuja kuipima tabia yenyewe ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, matokeo yao yakatoka mwaka 2009. Watu 96 walichagua kila mmoja jambo moja dogo, kama kunywa glasi ya maji au kula tunda, walifanye kila siku baada ya tukio lile lile. Wastani wa muda hadi jambo hilo kujiendea lenyewe ulikuwa siku 66. Wa haraka kabisa alifika kwa 18, wa polepole alikadiriwa 254. Mambo ya mazoezi yalichelewa kuliko kunywa maji. Na hapa ndipo ninapowaomba wagonjwa wanisikilize vizuri: kukosa siku moja hakukuwa na athari ya maana kwa safari nzima. Aliyekosa akaendelea kesho yake hakurudi kwenye sifuri, kwa sababu hakuna sifuri ya kurudia.

Kwa mwanamke aliye kwenye mpito wa ukomo wa hedhi jambo hili lina uzito wake. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia wanawake kwa miaka mingi ulikuta kwamba mawimbi ya joto, yaani joto linalopanda ghafla mwilini, kwa wale wanaoyapata mara kwa mara, hudumu kama miaka 7 na zaidi kidogo. Mpango usiovumilia usiku mmoja mbaya utaishi vipi ndani ya miaka saba ya namna hiyo? Usiku mbaya utakuja, hilo halina mjadala. Basi uwekwe kwenye hesabu tangu mwanzo.

Ndiyo maana siulizi tena mtu anataka kufanya mazoezi saa ngapi. Saa huvurugika. Naulizia kitu ambacho atakifanya kesho hata akiwa amepata usingizi wa saa tatu tu: kupiga mswaki, kuchemsha maji, kufungua mlango wa nyumba akirudi kazini. Tabia mpya inafungwa hapo, nyuma ya kile kitu, kama behewa.

Behewa langu ni kiti. Wenzangu kazini wananicheka kwa kiti hiki, wacha wacheke. Chukua kiti cha kawaida kisicho na magurudumu, kiegemeze ukutani. Weka maji yachemke. Kaa ukingoni, miguu upana wa nyonga, visigino vikiwa nyuma kidogo ya magoti, mikono umeifumbata kifuani. Inama mbele kutoka kwenye nyonga mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, kisha simama. Sasa rudi ukae ukihesabu moja, mbili, tatu, nne. Kule kushuka taratibu ndiko kwenye kazi, na ukijibwaga hiyo siihesabu. Mara nane, maji yatakuwa yamechemka. Magoti yakilalamika, jisukume kwa mikono kwanza. Mara nane zikiwa rahisi wiki mbili mfululizo, kumbatia mkoba wenye vitu vizito, kisha uongeze uzito kidogo kidogo.

Siku ikiwa mbaya, fanya mara mbili. Hicho ndicho kiwango cha chini, na tunakiandika kabla siku hiyo haijafika.

"Mara mbili tu? Zitanisaidia nini?" aliniuliza mama wa daftari, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetapeliwa.

Kwa misuli, karibu na bure. Sikumficha. Ila kesho yake maji yatachemka tena na mwili utakikumbuka kiti, na hapo hakuna cha kuanza upya. Nilimwomba anipe kalamu, nikachora jedwali jingine lisilo na idadi ya mwisho, lenye alama mbili: vema kwa siku nzuri, nukta kwa siku ya mara mbili. Nafasi tupu inaruhusiwa. Mstari wa kufuta hauruhusiwi.

Mengine nitayapitia kwa haraka.

"Mwili wangu umeacha kuunguza chakula." Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha vipimo vya zaidi ya watu 6,400, kuanzia watoto wachanga hadi wazee wa miaka 95. Ukizingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya nishati yalikaa karibu pale pale kuanzia miaka 20 hadi 60, kwa wanawake na kwa wanaume. Kinachobadilika ni kwamba estrojeni, homoni ya kike, ikishuka mafuta huhamia tumboni, misuli hupungua kadiri umri unavyosonga, na usingizi mbovu huleta njaa isiyoshiba. Ukijibu haya kwa kujinyima chakula, utapoteza misuli uliyobaki nayo. Mimi ningekutaka uongeze kitu kabla ya kuondoa: protini kwenye mlo wa kwanza wa siku, iwe mayai, maharage au maziwa. Ianze hiyo moja. Sukari tutaizungumza mwezi ujao.

"Dakika tano hazihesabiki." Zilikuwa hazihesabiki kwenye mwongozo wa zamani wa Shirika la Afya Duniani, uliotaka mazoezi ya mwili yafanywe kwa vipande vya angalau dakika 10. Mwongozo wa mwaka 2020 uliliondoa sharti hilo. Lengo la dakika 150 hadi 300 kwa wiki lipo, pamoja na mazoezi ya nguvu siku 2 au zaidi, lakini ngazi ulizopanda leo zimo ndani.

Hatua 10,000 nazo zilianza kama jina la kipimahatua kilichouzwa Japani miaka ya 1960. Namba ilipendeza, ikabaki. Utafiti uliochapishwa 2019 kuhusu wanawake wa wastani wa miaka 72 ulionyesha kwamba waliofika kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliokwama kwenye 2,700, na faida ilitulia karibu na 7,500. Kwa hiyo aliye kwenye 3,000 asiniambie habari ya 10,000. Aniletee 3,500.

"Vyuma ni vya vijana, mimi nitembee tu." Kutembea ni kuzuri kwa moyo na kwa akili, ila mifupa inataka mzigo. Nchini Australia wanawake 101 waliokwisha koma hedhi, wenye mifupa iliyopungua madini, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilinyanyua vyuma vizito mara 2 kwa wiki, nusu saa kila mara, kwa miezi 8, wakisimamiwa. Mifupa ya uti wao wa mgongo iliimarika, huku ya waliofanya mazoezi mepesi nyumbani ikizidi kupungua. Sisemi ukaanze kesho na chuma cha kilo 50 peke yako, hasa kama umewahi kuvunjika mfupa. Kiti kwanza. Kisha mtu wa kukusimamia.

Na kuna dhana ya upande wa pili, ambayo sisi wahudumu tumeisambaza wenyewe: kwamba ukila vizuri na kujitahidi, dalili zote zitaondoka, na anayeomba dawa ni mvivu. Si kweli. Ushahidi kwamba mazoezi hupunguza mawimbi ya joto ni dhaifu. Kinachoyapunguza zaidi ni tiba ya homoni. Hofu kubwa ya tiba hiyo ilitokana na utafiti wa Marekani wa mwaka 2002, ambao wengi wa washiriki wake walikuwa wameshapita ukomo wa hedhi kwa miaka mingi. Kwa mwenye dalili aliye chini ya miaka 60, au ambaye haijapita miaka 10 tangu hedhi ikome, na hana kizuizi kama historia ya saratani ya matiti au damu kuganda, faida kwa kawaida huzidi hatari. Ukavu wa uke nao mara nyingi haujiondokei wenyewe, na una dawa ya kupaka. Zungumza na daktari. Usikitwishe kiti changu matatizo ambayo si yake.

La mwisho halihusu tabia kabisa, lakini nalisikia vilevile: "Damu imerudi baada ya mwaka mzima, labda mazoezi yamenirudisha ujana." Ukishamaliza miezi 12 bila hedhi, damu yoyote ukeni, hata tone, inahitaji kuchunguzwa na daktari. Mara nyingi sababu huwa ndogo, lakini mara nyingine ni saratani ya mfuko wa uzazi, nayo ikikutwa mapema hutibika vizuri. Hilo ni la kupigia simu wiki hii hii.