Wakili akitaka kuijaribu kesi yako kwa watu baki kwanza, sio kwamba hakuamini

Simu za malalamiko zinazoingia hapa kitengoni, huku Marekani, siku hizi ni zilezile, eti wakili wangu kakusanya watu nisiowajua, kawalipa, kawasomea mambo yangu yote halafu gharama kaiweka kwenye kesi yangu. Wengine wanauliza kama hao watu ndio juri wenyewe, yaani wale raia wanaoamua kesi mahakamani, na kama kuna namna ya "kuongea nao". Jamani. Hapana, na hiyo ya mwisho nitairudia huko chini maana ina jela ndani yake.

Hiyo kitu inaitwa fokasi grupu, sisi ofisini tunaita kikundi cha majaribio: watu wa kawaida wanaisikiliza kesi kabla haijafika mahakamani ili tujue watu wataionaje. Mfano wa zamani unaotajwa sana wa kuwapima watu kabla ya kesi ni ule wa Harrisburg, Pennsylvania, 1972, ya wapinga vita vya Vietnam saba, ambapo watafiti akina Jay Schulman waliwahoji wakazi wa eneo lile kabla juri haijachaguliwa. Walitegemea wasomi ndio watawaelewa washtakiwa, kumbe kule ilikuwa kinyume. Mwisho juri ikashindwa kukubaliana kwenye shitaka kuu, 10 kati ya 12 wakitaka kuwaachia. Sisemi utafiti ndio ulifanya hivyo, nasema bila kuuliza mawakili wangechagua watu wa juri kwa kubahatisha.

Sasa wengi tuliotoka Tanzania tukisikia juri tunawaza wazee wa baraza, wanatoa maoni halafu jaji anaamua lake, na Kenya hata hao waliondolewa 2007. Huku Marekani sio hivyo. Juri ndio wanaamua nani mkweli, na kwenye madai ndio wanapanga hata pesa. Ni dereva wa basi, mwalimu mstaafu, kijana wa gereji, watu ambao jana walikuwa na shughuli zao.

Na hawafikiri kama mnavyodhani. Pennington na Hastie, watafiti wa saikolojia, walionyesha tangu miaka ya 80 kwamba mjumbe wa juri hajumlishi ushahidi mmoja mmoja kama muuza duka anavyopiga hesabu, anatunga kisa kichwani, nani alifanya nini na kwa nini, na penye pengo anaziba mwenyewe kwa maisha yake. Halafu akisikia ajali mbaya anaanza kutafuta kosa la aliyeumia, maana likipatikana anapumua, kwamba mimi nisingefanya vile na yasingenikuta.

Nilikaa kwenye kikundi kimoja, ukumbi wa kukodi, viti vya kukunja, watu kumi na kamera kwenye kona. Mteja wetu, mzee wa makamo, aligongwa na lori. Wakili alikuwa amejiandaa na mwendo kasi wa lori, ana michoro mpaka basi. Watu hawakuuliza mwendo kasi hata kidogo, walibishana karibu saa nzima kwa nini alienda hospitali siku ya tatu. Kisha wakaonyeshwa video ya mzee akihojiwa chini ya kiapo. Alikuwa anajibu taratibu, macho chini, kama anavyoongea na mkubwa yeyote tangu utotoni. Mama mmoja akasema, "Huyu anaficha kitu," na saba wakatikisa kichwa kukubali. Mzee hakuwa anaficha chochote, ilikuwa heshima tu, ila nani angewaambia? Wakili hakumfundisha kukodoa macho. Kesi iliposikilizwa alimuuliza waziwazi, mzee mbona unaangalia chini, akaeleza mwenyewe kupitia mkalimani, na la hospitali pia akaeleza, kwamba alikuwa anaogopa bili. Pengo likazibwa kabla halijajazwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo kikundi sio cha kukusifia. Ukiambiwa kesi yako ina doa usimfukuze wakili, doa ndilo tulilokuwa tunalitafuta. Wala sio utabiri, watu kumi hawawezi kukwambia utashinda au utapata ngapi. Na naomba mtu asiniletee tena habari ya yule bibi wa kahawa ya McDonald's "aliyepewa mamilioni". Stella Liebeck wa Albuquerque, aliyeunguzwa na kahawa yao akawashtaki, kesi ikaamuliwa 1994: alikuwa na miaka 79 alipoungua, juri ilimkata asilimia 20 kwa sehemu yake ya kosa, na ile adhabu waliyopigwa McDonald's ya dola milioni 2.7 jaji akaishusha hadi 480,000, mwisho wakamalizana nje ya mahakama.

Utaratibu ulivyo: washiriki wanatafutwa watu wanaofanana na wa wilaya ya kesi, wanaulizwa kama wanamjua yeyote, wanasaini kutunza siri, wanasikia pande zote mbili (ukisikia upande wako tu umelipia makofi), wanajadili, wanaondoka. Wewe unabaki na siri vilevile, usirushe kwenye grupu la WhatsApp, maana upande wa pili una Waswahili pia.

Juri wa kweli ndio hawaguswi. Kwenye sheria ya shirikisho, yaani ya Marekani nzima, kifungu cha 1503, kujaribu kumshawishi mjumbe kwa rushwa au vitisho ni hadi miaka 10, na kwenye kesi za jinai nzito hadi 20. Kumwandikia tu ili umvute kwenye uamuzi, kifungu cha 1504, hadi miezi 6, na meseji ni maandishi, sio utani. Majimbo nayo yana sheria zake. Ukikutana naye kwenye lifti kaa kimya, atakuona umenuna, sawa tu, na wao jaji kawaambia wasiongee na wewe.

Kuhusu gharama, haya ni maelezo ya jumla na hayachukui nafasi ya wakili wako, ila kwenye mikataba mingi ya "nilipe tukishinda" gharama za maandalizi zinakatwa kwenye fidia na kuna kipengele kinachosema hivyo, angalia pia kinasemaje mkishindwa. Kama umesainishwa kwa Kiingereza na hukuelewa, uliza hicho kipengele kabla kikundi hakijaitwa, sio baada.